Kununua shamba pembezoni mwa Nairobi: mauzo yanapokuwa batili na namna ya kuyafanya yasimame

Mtu wa Nairobi akitafuta ploti siku hizi hapelekwi mbali na Kitengela, Isinya, Juja, Kamulu au Joska. Ni Jumamosi asubuhi, gari la kampuni, soda mkononi. Anaonyeshwa vigingi vinne, anaambiwa bei inapanda Jumatatu, na kabla jua halijatua arbuni imeshaenda kwa M-Pesa. Kisheria hapo bado hajanunua kitu. Alichoonyeshwa mara nyingi bado ni shamba, na shamba nchini Kenya halihami mkono kwa pesa na saini peke yake. Kuna sheria zinazosema nani aweza kumiliki, kwa miaka mingapi, kipande kigawanywe vipi, na nani lazima akubali kwanza. Ukizipuuza, mauzo yanakuwa batili hata kama umelipa shilingi ya mwisho na risiti unazo.

Wengi wanaopoteza hawakukutana na tapeli. Muuzaji alikuwa mwenye shamba kweli, hati ilikuwa halali, bei ilikuwa sawa. Kilichoharibika ni mpangilio: pesa zilitangulia na idhini ikaachwa ije baadaye, au haikuja kabisa.

Ujue kwanza ni ardhi ya aina gani

Katiba ya 2010 inaigawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Ni hii ya tatu tu ambayo mtu mmoja aweza kukuuzia kwa saini yake.

Ya umma huuzwa mjini kwa jina la barua ya mgao, ile ya serikali ya kumwahidi mtu kipande. Mtu anakuonyesha barua yenye nembo ya serikali, anakwambia hati "iko njiani". Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi ya hapa Nairobi, kwamba barua ya mgao si hati. Mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe, aliye na barua hana cha kumuuzia mwingine. Miezi michache kabla yake, katika kesi ya Dina Management iliyohusu ardhi ya ufukweni Mombasa, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema kwamba hata mwenye hati mkononi hujitetea kwa kuonyesha hati hiyo ilizaliwaje. Mgao wa kwanza ukiwa mbovu, mnunuzi wa tatu au wa nne hasafishi kitu kwa kuwa tu alilipa kwa nia njema. Kwa hiyo usiulize tu "hati iko?" Uliza ilitoka wapi.

Ya jamii utakutana nayo zaidi upande wa Kajiado, kwenye zile zilizokuwa ranchi za makundi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka uamuzi wa kuiuza uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama watu wazima waliosajiliwa. Ile ambayo bado haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, na haiuzwi. Mzee akikwambia "hii sehemu ni yangu, kila mtu hapa anajua", huenda anasema kweli kabisa, na bado hana uwezo wa kukuuzia. Ngoja mpaka awe na hati yenye jina lake.

Ya kibinafsi nayo ina sura mbili. Ndani ya jiji nyingi ni lizi, yaani umiliki wa muda maalum, mara nyingi ya miaka 99. Soma tarehe ya kuanza, si ya kuandikwa kwa hati: lizi ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Januari 1975 inakwisha mwishoni mwa 2073, na hiyo ndiyo miaka unayonunua. Kuihamisha kunataka idhini ya aliyeitoa, cheti kwamba kodi ya ardhi imelipwa, na kingine cha reti, ushuru wa ardhi wa kaunti. Sura ya pili ni umiliki wa kudumu, frihold, na huko ndiko inakoingia bodi ya ardhi, kamati ya eneo inayotoa au kukataa idhini ya shughuli za ardhi ya kilimo.

Haya yote yanaanzia kwenye upekuzi rasmi wa daftari, ambao kila mtu mjini anauita sachi. Kwa ardhi ya Nairobi unafanyika kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021. Kama kipande hakijaingizwa humo, sachi inafanywa kwenye ofisi ya ardhi ambako kimesajiliwa. Kwa ardhi ya umiliki wa kudumu, omba pia nakala ya kadi ya kijani. Sachi inakwambia mwenye ardhi leo. Kadi ya kijani inakwambia ilivyopita mikononi mwa watu mpaka ikafika hapo. Mauzo mawili au matatu ndani ya miezi michache, kabla ya kukufikia wewe, ni jambo la kuulizia.

Bodi ya ardhi

Sheria yenyewe ni ya 1967, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Kifungu cha 6 kinasema mauzo, uhamisho, ukodishaji, rehani, ubadilishanaji au ugawaji wa ardhi ya kilimo katika eneo linalodhibitiwa ni batili kwa kila hali, isipokuwa bodi ya eneo hilo imetoa idhini. Hapo haijalishi kama wakili aliandika mkataba vizuri.

Ardhi ya kilimo si lazima iwe na mahindi. Kimsingi ni ardhi iliyo nje ya manispaa, miji na vituo vya biashara, na hata ndani ya eneo la Nairobi au ndani ya mji, ardhi yaweza kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa ya kilimo kwa ajili ya sheria hii. Nyika kavu ya Isinya isiyo na hata mti ni ardhi ya kilimo machoni pa sheria. Kinyume chake, ikiwa hati yenyewe inakataza kilimo au inataka ardhi itumike kwa shughuli nyingine, haihesabiwi. Ndiyo maana masharti yaliyoandikwa kwenye hati husomwa mstari kwa mstari.

Usidhani kwamba anwani ya Nairobi inakuondolea bodi. Namba ya kipande inayoanza na jina la eneo, kwa mfano Dagoretti/Riruta, ni dalili kwamba ilisajiliwa kwa mtindo wa mashamba, kwa hiyo uliza. Ukijibiwa kwamba idhini haihitajiki, jibu hilo liwe kwa maandishi. Na kama msajili na wakili wanavutana juu ya jambo hilo, ushauri wetu ni mwepesi: nenda bodi. Gharama yake ni kidogo mno ukilinganisha na kesi ya miaka kumi.

Sasa tarehe. Kifungu cha 8 kinatoa miezi sita tangu mkataba ufanywe kwa ombi la idhini kupelekwa bodi. Ombi ndilo linalopaswa kuwasilishwa ndani ya muda huo. Mkataba ukiwa wa tarehe 10 Januari, fomu iwe imepokewa na kugongwa muhuri kabla ya tarehe 10 Julai. Miezi sita inaonekana mingi mpaka uhesabu: muuzaji anatafuta hati iliyo benki, mpima ardhi anachukua wiki kadhaa kuandaa mutesheni, yaani fomu ya kugawanya kipande, na bodi kwa kawaida hukaa mara moja kwa mwezi. Kikao kimoja kikiahirishwa kwa kukosa akidi, umepoteza mwezi. Kuna kikao maalum ambacho wahusika hulipia zaidi ili wasikilizwe mapema. Kinasaidia, ila usikitegemee kama mpango wako wa kwanza.

Ombi laweza kupelekwa na upande wowote, si muuzaji peke yake. Watu wengi hawalijui hili, wakakaa wakimbembeleza muuzaji mpaka muda ukaisha. Muuzaji akianza kukwepa simu mwezi wa tatu, jaza fomu mwenyewe.

Siku ya bodi, pande zote mbili hufika wenyewe kwenye ofisi za kaunti ndogo, na hati ya asili, sachi ya karibuni, mkataba, vitambulisho, namba za PIN na picha za pasipoti. Muuzaji aje na mume au mke wake. Mara nyingi bodi huuliza hata watoto watu wazima wako wapi na kama wanajua. Mwenyekiti ni afisa wa utawala wa eneo, na wengi wa wanaokaa naye ni wamiliki au wakulima wa hapo hapo, kwa hiyo wanaijua boma ya muuzaji kuliko wewe. Ukiona mzee mmoja wa bodi anamuuliza muuzaji kwa lugha ya nyumbani, "Na mama mdogo ameambiwa?", usikasirike. Swali hilo limewaokoa wanunuzi wengi.

Kile inachopima bodi kimeandikwa kwenye kifungu cha 9: kama mnunuzi ataitumia ardhi vizuri, kama tayari ana ardhi ya kilimo ya kutosha, kama bei au masharti yanamwonea mmoja wa wahusika, kama kugawanya kutapunguza uzalishaji. Wakikataa, una siku 30 za kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa. Usipokata, mkataba unakufa siku hizo zinapoisha.

Ukipewa barua ya idhini, isome papo hapo kabla hujatoka kwenye lango. Namba ya kipande, ukubwa, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, bei, tarehe, saini, muhuri. Na zaidi ya yote, idhini ya nini. Hapa ndipo maploti mengi yanapoanguka. Kampuni inanunua ekari kumi, inaomba idhini ya kugawanya, inaipata, kisha inawaambia wanunuzi themanini, "Bodi tulishaenda." Ni kweli walienda, lakini idhini ya kugawanya si idhini ya kuhamisha. Kila ploti inayotoka kwenye mgawanyo huo, ikiwa bado ni ardhi ya kilimo, inataka idhini yake ya kuhamia kwa jina lako. Omba uone barua mbili.

Jambo la mwisho kuhusu bodi ni hisa. Kifungu cha 6 kinagusa pia uuzaji wa hisa za kampuni ya kibinafsi au chama cha ushirika kinachomiliki ardhi ya kilimo. Zile kampuni za kununua ardhi ambazo wanachama wake hushika cheti cha hisa badala ya hati, zimezalisha migogoro isiyokwisha pande za mashariki mwa jiji. Cheti cha hisa kinakupa nafasi ndani ya kampuni, hakikupi kipande. Ukinunua cheti kutoka kwa mwanachama mkongwe, hakikisha kwamba uhamisho umeandikwa kwenye daftari la wanachama la kampuni, si nyuma ya cheti tu, na uulize mapema kama bodi inahusika.

Mnunuzi asiye raia

Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Mkataba ukimpa zaidi ya hapo, haufutwi. Unasomwa kama umempa lizi ya miaka 99 na si zaidi. Sura ya 302 ni kali kuliko Katiba hapo: ikiwa ni ardhi ya kilimo, bodi haina hiari, lazima imkatalie asiye raia. Kwa hiyo Katiba inapunguza, bodi inafuta. Mgeni aliyenunua fleti Kilimani kwa lizi ya miaka 99 yuko salama. Yule yule akinunua ekari mbili Limuru ambazo bado ni shamba, mauzo hayasimami mpaka apate msamaha wa Rais kupitia Gazeti la Serikali, kama kifungu cha 24 cha Sura ya 302 kinavyoruhusu.

Kampuni inahesabiwa raia ikiwa tu hisa zake zote zinamilikiwa na raia. Hisa moja ya mgeni kati ya elfu inatosha kuibadilisha. Omba CR12, orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa, ya karibuni kutoka kwa msajili wa kampuni, usome majina ya wenye hisa, na kama mwenye hisa ni kampuni nyingine, omba na ya hiyo pia. Ujanja wa kumweka Mkenya mbele na mgeni nyuma haufiki mbali: Katiba inasema mali iliyo chini ya amana, yaani inayoshikwa na mtu kwa niaba ya mwingine, ni ya raia pale tu faida yote inapokwenda kwa raia. Na mgeni akigombana na "mwenzake" aliyeandikwa kwenye hati, yeye ndiye atakayeenda mahakamani kueleza kwa nini alificha jina lake.

Wakenya wa ughaibuni nao waangalie jambo hili. Kabla ya Agosti 2010, aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa kawaida alipoteza wa Kenya. Katiba mpya inaruhusu uraia pacha, lakini haikuwarudishia uraia wenyewe kwa wenyewe, inabidi waombe. Mtu aliyekuwa raia wa Marekani tangu 2004, ambaye hajaomba kurudishiwa, ni mgeni mbele ya bodi hata kama ana kitambulisho cha zamani mfukoni. Vivyo hivyo mume au mke mgeni: ndoa peke yake haimfanyi raia, na haki ya kuomba inakuja baada ya miaka 7 ya ndoa. Wanandoa wa namna hiyo wakitaka shamba kwa majina mawili watakataliwa kwa sababu ya jina moja.

Anayetoka Nairobi kwenda kununua Diani au karibu na mpaka ajue pia kwamba safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini, na ukanda wa kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, ni ardhi inayodhibitiwa ambayo wasio raia hawawezi kushughulika nayo bila kibali cha waziri.

Ekari, hekta na ile "eighth"

Kuhusu ukubwa wa juu, watu husikia kwamba kuna sheria inayomkataza mtu kumiliki zaidi ya ekari fulani. Kifungu cha 68 cha Katiba kiliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya kibinafsi, na muswada uliandikwa mwaka 2015, lakini haukuwa sheria. Kinachobaki ni ile hiari ya bodi kumkatalia mwenye ardhi ya kutosha.

Ukubwa wa chini ndio unaomgusa mnunuzi wa kawaida, kwa kuwa kugawanya kunataka pia kibali cha mipango cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kaunti ikikataa vipande vidogo mahali palipotengewa kilimo, muuzaji hana hati ya kukupa hata bodi ikikubali.

Fanya na hesabu. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Sehemu ya nane ni 5,445. Ploti ya 50 kwa 100 ni 5,000 tu. Maana yake "eighth" ya mabango haifiki sehemu ya nane kamili. Inapungua futi mraba 445, karibu upana wa chumba kimoja kikubwa cha kulala kwa urefu wa gari tatu. Si wizi, ni mazoea ya soko, lakini hati huandikwa kwa hekta, na hapo ndipo watu hushtuka. Ploti ya 50 kwa 100 ni takribani hekta 0.0465. Sehemu ya nane kamili ni kama 0.0506. Hati ikisoma 0.040, umepoteza kipande cha barabara au kigingi kimesogezwa. Mkataba uandikwe kwa vipimo na kwa hekta, na mpima ardhi uliyemchagua mwenyewe akuonyeshe vigingi kwa kufuata ramani ya Survey of Kenya iliyoko Ruaraka, si kwa kumfuata kijana wa kampuni.

Muuzaji asiye na uwezo wa kuuza

Marehemu haweki saini, na watoto wake hawawezi kuuza kwa sababu tu wamekaa kikao. Chini ya Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla ya barua za usimamizi, zinazompa mtu mamlaka ya kusimamia mali hiyo, kuthibitishwa na mahakama. Kuwa na barua ya usimamizi hakutoshi. Tafuta cheti cha uthibitisho kinachoonyesha nani amepewa kipande gani. Mauzo yaliyofanyika kabla ya hapo ni ya kuingilia mali ya marehemu, na ndugu mmoja aliyenyimwa fungu anaweza kuyaangusha.

Mwenza naye ana sauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mume na mke kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, hata kama hati ina jina moja. Idhini iwe ya maandishi, imetiwa saini mbele ya wakili, na kitambulisho kimeambatishwa. Muuzaji akisema hajaoa, aape kwa hati ya kiapo.

Mkataba

Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yametiwa saini na pande zote, na kila saini kushuhudiwa na mtu aliyekuwepo. Daftari la shule lenye majina ya wazee watano laweza kutosha kama lina hivyo vitu. Karatasi ya wakili isiyo na shahidi haitoshi.

Zaidi ya hayo, weka vifungu vinavyofuata kalenda ya bodi. Tarehe ya mkataba iandikwe siku ya saini, isiachwe wazi ili "ijazwe baadaye". Tarehe ikijazwa na mtu mwingine, hujui miezi sita yako ilianza lini. Eleza nani ataomba idhini na ndani ya siku ngapi, na upande wa pili uruhusiwe kuomba akichelewa. Arbuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ikae na wakili mpaka idhini itoke. Idhini ikikataliwa, irudi yote ndani ya siku zilizotajwa.

Na usiingie shambani mapema. Kifungu cha 22 cha Sura ya 302 kinafanya kulipa, kupokea pesa, au kukaa kwenye ardhi kwa ajili ya mauzo yaliyokwisha kuwa batili kuwa kosa la jinai. Kuna majengo ya ghorofa yaliyosimamishwa kwenye mashamba ambayo mikataba yake ilishakufa, na wenyewe wanaendelea kumwaga zege.

Kusajili

Idhini ikishapatikana, mthamini wa serikali anapima thamani, kisha unalipa ushuru wa stempu: asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, 2 kwa ya mashambani, ya thamani hiyo na si ya bei mliyoandika. Ploti ya shambani iliyothaminiwa shilingi 1,200,000 inalipiwa 24,000. Hati ya uhamisho ipigwe stempu ndani ya siku 30 tangu itiwe saini, ukichelewa kuna faini. Muuzaji naye analipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Hakikisha mkataba unasema ni yake, maana wengi hujaribu kumtwika mnunuzi dakika ya mwisho. Hati ikitoka, fanya sachi nyingine wiki hiyo hiyo.

Muda ukiwa umeshapita

Kama miezi sita imepita bila ombi, mahakama ina uwezo wa kuongeza muda ikiwa kuna sababu ya kutosha, na siku hizi maombi hayo yanasikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muuzaji akiwa bado mwema, njia fupi ni kuandika mkataba mpya wenye tarehe mpya na kwenda bodi mara moja. Iwe mkataba mpya kweli. Kubadilisha tarehe kwenye ule wa zamani ni kughushi.

Muuzaji akigeuka, weka kaveti, yaani zuio la uhamisho, kwenye daftari siku hiyo hiyo ili asimuuzie mwingine. Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifungu cha 7 cha Sura ya 302: pesa ulizolipa zinadaiwa kama deni. Tatizo lake ni kwamba unarudishiwa ulicholipa. Aliyetoa 150,000 Kitengela mwaka 1999 anadai 150,000, wakati kipande kile kile leo kinauzwa mamilioni, na muuzaji anajua hivyo vizuri sana. Ndiyo maana anageuka.

Njia ya pili ni amana inayotokana na mwenendo wa wahusika: muuzaji anahesabiwa kuishika ardhi kwa niaba ya mnunuzi. Kwa muda mrefu mahakama zilivutana: mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitoa maamuzi mawili yaliyopingana, moja likisema batili ni batili, lingine likimlinda mnunuzi aliyekaa. Mwaka 2018, ikiketi Eldoret, ilichagua upande wa pili: kukosa idhini ya bodi hakuzuii mahakama kumlazimisha muuzaji aliyepokea pesa na kumkaribisha mnunuzi ahamishe ardhi. Lakini hiyo si njia ya kupangia ununuzi. Unabeba mzigo wa kuthibitisha malipo yote, kwamba muuzaji mwenyewe alikuingiza, kwamba ulijenga au ulilima mbele ya macho yake naye akanyamaza, na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Faili ya kesi ya namna hiyo huwa na vitu vidogo: taarifa ya M-Pesa iliyopigwa muhuri, risiti za benki zenye jina la muuzaji, bili ya kwanza ya stima, picha za ujenzi zenye tarehe, barua za kumkumbusha aje bodi, na chifu aliyewahi kuwasikiliza nyote wawili. Vitolee nakala mbili, moja uiache kwa wakili.